KUSAHIHISHA MAANDISHI YA CHAMA KABLA HAYAJATIWA SAINI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana katika semina za ushirika, na makatibu wengi huielewa kwa upande wa fedha: kila shilingi iingiayo na itokayo iandikwe. Lakini iko mali nyingine ya chama ambayo nayo huhitaji daftari, nayo ni uamuzi wa wanachama. Watu mia mbili hukaa chini ya mwembe kutwa nzima, hujadili, hubishana, hupiga kura, kisha hurudi makwao. Jioni ya siku hiyo kinachobaki ofisini ni karatasi ya Katibu. Ikiwa karatasi hiyo imeandikwa vibaya, uamuzi wa watu hao wote umepotea bila habari, ijapokuwa hakuna aliyeiba.

Hatari hii humwangukia Katibu mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mkaguzi wa hesabu aghalabu hufika baada ya mwaka kwisha. Hakuwapo mkutanoni, wala hakusikia maneno ya wazee. Huona makato yaliyokatwa na hundi zilizolipwa, kisha huuliza: ni uamuzi gani ulioruhusu jambo hili? Katibu humfungulia muhtasari. Endapo maneno ya muhtasari yanaweza kusomwa kwa namna mbili, mtu mwaminifu huweza kuonekana mdanganyifu kwa sababu ya sentensi moja aliyoiandika kwa haraka. Kwa hiyo kusahihisha maandishi ni sehemu ya ulinzi wa fedha za wanachama, na vilevile ni ulinzi wa jina jema la watumishi wa chama.

Makatibu wengi husahihisha, lakini huanzia mwisho wa kazi. Hutazama tahajia, huongeza mkato hapa na pale, hubadilisha neno wasilolipenda, kisha hupeleka karatasi kwa Mwenyekiti itiwe saini. Utaratibu ulio bora ni kuanza na mambo makubwa na kumalizia na madogo: kwanza kazi ya karatasi, pili ukweli, tatu mpangilio, nne sentensi, na mwisho kabisa maneno na tahajia. Hakuna faida ya kupamba sentensi ambayo takwimu yake ni ya uongo.

MFANO WA RASIMU

Ili maelezo yaeleweke, hapa chini pana kipande cha rasimu ya muhtasari wa mkutano mkuu wa chama cha wakulima wa korosho. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya mafunzo, wala haukuchukuliwa katika chama chochote.

"Mkutano ulijadili ghala na ikaamuliwa likarabatiwe mapema iwezekanavyo na wanachama wakatwe shilingi 50. Wanachama wote hawakukubali. Hundi zitatiwa saini na Mwenyekiti na Katibu au Mhazini. Ilielezwa kwamba msimu uliopita chama kilikusanya korosho kilo 48,060. Katibu alimweleza Mhazini kwamba hesabu zake zina makosa na kwamba azirekebishe. Pia ilielezwa kwamba chama kimeazima mizani."

Mwalimu wa shule akisahihisha kipande hiki kwa kalamu nyekundu, huenda asipate kosa hata moja la tahajia. Hata hivyo hakuna sentensi moja ndani yake ambayo Bodi inaweza kuitekeleza au mkaguzi anaweza kuitegemea bila kuuliza maswali.

HATUA YA KWANZA: KUIJUA KAZI YA KARATASI

Kabla ya kugusa neno lolote, msahihishaji na aweke kalamu chini na kuisoma rasimu yote tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha ajiulize mambo mawili: nani ataisoma karatasi hii, na akiisha kuisoma anatakiwa afanye nini?

Barua iendayo benki husomwa na karani asiyekijua chama. Hutakiwa kutenda jambo moja, kama vile kubadili orodha ya watia saini. Kwa hiyo jambo hilo liwe katika aya ya kwanza, wala lisifichwe nyuma ya salamu ndefu. Tangazo la ubaoni husomwa na mkulima aliyesimama juani, baiskeli mkononi. Yeye hutaka siku, saa, mahali na jambo lenyewe. Taarifa ya mwaka husomwa na wanachama wenye haki ya kuihukumu Bodi yao, basi hutakiwa iseme yaliyofaulu na yaliyoshindikana pia. Muhtasari wa mkutano ni ushahidi. Msomaji wake mkubwa ni mtu ambaye hakuwapo, tena huenda akausoma miaka kumi baadaye.

Msahihishaji akiisha kujua kazi ya karatasi, ataweza kuamua ni nini kiondolewe. Katika muhtasari hapana haja ya kuandika kila neno la kila msemaji, lakini uamuzi na sababu yake havina budi kuwamo. Katika barua ya benki hapana haja ya historia ya chama.

HATUA YA PILI: KUHAKIKISHA UKWELI

Hatua hii haifanywi kwa kichwa. Hufanywa kwa vitabu vikiwa wazi mezani: daftari la kumbukumbu za mkutano, stakabadhi za mapokezi ya mazao, leja, daftari la fedha na vishina vya hundi. Kila jina, kila tarehe na kila takwimu iliyomo katika rasimu ilinganishwe na chimbuko lake, na ikiisha kuhakikishwa iwekewe alama ndogo ya penseli. Takwimu isiyo na chimbuko isiachwe ipite.

Katika mfano wetu rasimu inataja kilo 48,060, lakini tuseme jumla ya stakabadhi inaonyesha kilo 48,600. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kosa ambalo humpata hata mwandishi hodari akiwa amechoka. Tofauti ni kilo 540, na mtu aweza kudhani ni jambo dogo. Sasa tuchukue kwamba makisio ya ukarabati ni shilingi 2,425,000. Makato ya shilingi 50 kwa kilo 48,600 huleta shilingi 2,430,000, nayo hutosha. Makato hayo hayo kwa kilo 48,060 huleta shilingi 2,403,000, nayo hupungua kwa shilingi 22,000. Hivyo tarakimu mbili tu zinaweza kuufanya mpango mzuri uonekane mbovu. Tena mkaguzi atauliza kilo 540 zilikwenda wapi, ilhali hazikwenda popote.

Yapo mazoea manne yanayosaidia. La kwanza ni kujumlisha upya kila safu ya hesabu, hata kama ilijumlishwa na kompyuta, maana kompyuta hujumlisha kile ilichopewa. La pili ni kuandika kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno katika barua na mikataba, na kuhakikisha kwamba viwili hivyo vinalingana. Maneno nayo yaangaliwe: "elfu mia mbili" mtu mmoja huisoma kuwa 200,000, na mwingine akaidhania kuwa elfu moja na mia mbili. "Laki mbili" haina ubishi. La tatu ni kulinganisha idadi ya kura na idadi ya waliohudhuria. Ikiwa waliohudhuria ni 212, na waliokubali ni 168, waliokataa 31, na wasiopiga kura 13, jumla yao inatimia. Isipotimia, kosa litafutwe siku hiyo hiyo wakati watu wangali wanakumbuka. La nne huwahusu wenye kompyuta: taarifa ya mwaka huu mara nyingi hutengenezwa juu ya taarifa ya mwaka jana, na hapo tarehe, bei au jina la mjumbe aliyekwisha kuondoka hubaki ndani bila kuonekana.

HATUA YA TATU: MPANGILIO

Rasimu ya mfano imechanganya ghala, kura, hundi, korosho, hesabu na mizani katika aya moja. Mtu anayetafuta uamuzi juu ya hundi itambidi asome yote. Mpangilio mzuri wa muhtasari ni kulipa kila jambo namba yake kwa kufuata ajenda, na chini ya kila namba kuweka mambo matano: jambo lililojadiliwa, maelezo mafupi, uamuzi, mhusika wa utekelezaji, na tarehe ya mwisho. Uamuzi usimame peke yake katika mstari wake, uonekane hata kwa mtu anayepekua kurasa kwa haraka.

Msahihishaji anaweza kuukagua mpangilio kwa njia rahisi. Asome mistari ya uamuzi peke yake, akiacha maelezo yote. Ikiwa maamuzi yanaeleweka bila maelezo, mpangilio ni mzuri. Ikiwa hayaeleweki, kuna kitu kilichosahauliwa, na aghalabu huwa ni jina la mtu wa kutenda. Lugha yetu huruhusu kusema "iliamuliwa", "itanunuliwa", "zitalipwa" pasipo kumtaja mtu, na maneno ya namna hiyo hupendeza masikioni. Lakini kazi isiyo na mwenyewe hailali kwa mtu yeyote. Mwaka hupita, na kila mmoja husema kwamba alidhani mwenzake anaifanya.

HATUA YA NNE: SENTENSI ZENYE MAANA MBILI

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Msahihishaji asome kila sentensi kama mtu anayetaka kuipinga, na ajiulize: je, mtu mbishi anaweza kuisoma vingine? Yafaa kuzipitia sentensi za mfano moja moja.

"Wanachama wote hawakukubali." Msomaji mmoja ataelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyekubali, na uamuzi huo ni batili. Mwingine ataelewa kwamba baadhi walikubali na baadhi walikataa. Dawa yake ni idadi: wanachama 168 walikubali, 31 walikataa, 13 hawakupiga kura.

"Mwenyekiti na Katibu au Mhazini." Je, wanatakiwa Mwenyekiti pamoja na mmoja kati ya hao wawili? Au wanatakiwa Mwenyekiti na Katibu kwa pamoja, na wasipokuwapo Mhazini atoshe peke yake? Kwa maana ya pili mtu mmoja anaweza kutoa fedha zote za chama kwa saini yake. Sentensi ya maneno matano imefungua mlango wa sefu.

"Katibu alimweleza Mhazini kwamba hesabu zake zina makosa." Hesabu za nani? Kiswahili husema "zake" kwa mmoja na kwa mwingine vilevile. Panapokuwa na watu wawili katika sentensi, cheo au jina lirudiwe. Kurudia neno si aibu katika maandishi ya ofisi.

"Chama kimeazima mizani." Kitenzi hiki hutumika kwa mtoaji na kwa mpokeaji. Haijulikani kama mizani ya chama iko kwa watu, au mizani ya watu iko katika chama. Vitenzi vya kukodi na kukodisha, kupanga na kupangisha, navyo huchanganywa kila siku. Ghala "lililokodishwa" ni la chama na linaleta mapato, na ghala "lililokodiwa" ni la mtu mwingine na lina gharama. Katika vitabu vya hesabu viwili hivi hukaa pande mbili tofauti.

"Mapema iwezekanavyo." Maneno haya hayana tarehe, na kazi isiyo na tarehe haiwezi kuchelewa. Kadhalika "hivi karibuni", "baada ya muda" na "mara moja". Mahali pake paandikwe siku, mwezi na mwaka. Neno "hadi" nalo huleta ubishi: malipo yatakayopokewa "hadi tarehe 30" yanahesabu tarehe 30 au hayahesabu? "Mwisho wa kupokea malipo ni saa 10 jioni ya tarehe 30" haliachi swali. Tena saa ya Kiswahili itajwe pamoja na asubuhi, mchana au jioni. Barua ya Kiingereza inaposema mkutano ni saa 9:00 asubuhi, kwa mwanachama hiyo ni saa tatu, na wako waliofika wakakuta watu wanatawanyika.

"Wakatwe shilingi 50." Kwa kila kilo, kwa kila gunia, au kwa kila mwanachama? Kwa msimu mmoja, au kwa misimu yote ijayo? Mkulima mwenye kilo 300 atakatwa shilingi 15,000 kwa hesabu ya kilo, na shilingi 50 tu kwa hesabu ya kichwa. Penye makato yoyote pana maswali manne ya kujibiwa: kiasi gani, kwa kipimo gani, kuanzia lini, na mwisho lini.

Liko kosa jingine ambalo halimo katika mfano lakini hutokea mara nyingi katika taarifa za vyama: "vitabu vya vyama ambavyo havikukaguliwa". Vitabu na vyama vyote huchukua "ambavyo", hivyo haijulikani ni kipi kisichokaguliwa. Sentensi ivunjwe iwe mbili: "Vyama vinne vilikaguliwa. Katika vyama hivyo, leja hazikukaguliwa." Sentensi fupi mbili ni bora kuliko moja ndefu yenye fumbo.

HATUA YA TANO: MANENO NA TAHAJIA

Hatua hii ni ya mwisho kwa mpangilio, wala haidharauliwi. Herufi moja inaweza kubadili mali. "Bodi ifuate deni" maana yake ni kwamba deni lidaiwe. "Bodi ifute deni" maana yake ni kwamba mdaiwa amesamehewa. Kwa kuwa yote mawili ni maneno halali ya Kiswahili, mashine ya kukagua tahajia haitaona kosa. Jicho la binadamu pekee ndilo litakaloliona.

Maneno ya ushirika yatumike kwa maana zake. Kiingilio ni ada ya kujiunga, na hisa ni mtaji wa mwanachama katika chama chake. Akiba ya mwanachama si hisa, na mkopo si ruzuku. Kinachobaki baada ya gharama katika chama cha ushirika huitwa ziada. Mwandishi akichagua neno moja kwa kitu kimoja, na alishike mpaka mwisho. Akiandika "makato" katika aya ya kwanza, "ushuru" katika ya pili na "mchango" katika ya tatu, msomaji atadhani kwamba anakatwa mara tatu. Katika insha ya shule kubadili maneno husifiwa. Katika maandishi ya chama huleta mashitaka.

Penye shaka juu ya neno, ofisi iwe na kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, imekwisha kutolewa upya mara kadhaa, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lipo kwa ajili ya kukuza na kusimamia matumizi ya lugha yetu. Lakini kwa majina ya vyombo na vyeo, kama Mrajis, Bodi na Mkutano Mkuu, mwongozo wa kwanza ni sheria yenyewe na masharti ya chama.

MAMBO AMBAYO MSAHIHISHAJI HAYAGUSI

Kalamu ya kusahihisha ina mpaka wake. Msahihishaji hana ruhusa ya kuubadili uamuzi, hata kama anauona kuwa si wa busara. Kama daftari la mkutano halisemi makato ni ya misimu mingapi, Katibu hawezi kuandika "msimu mmoja" kwa sababu tu inaonekana kuwa ndiyo haki. Wala hawezi kukisia ni nani wa kutia saini. Atamwuliza Mwenyekiti na wajumbe waliokuwapo. Ikibainika kwamba mkutano wenyewe haukuamua, jambo hilo lirudishwe mbele ya mkutano. Pengo la uamuzi huzibwa na waliokuwa na mamlaka ya kuamua.

Muhtasari ukiisha kuthibitishwa na kutiwa saini, haufutwi, hauchanwi, wala haupakwi rangi nyeupe. Kosa likionekana baadaye, mkutano unaofuata ulitaje, uamue kulisahihisha, na uamuzi huo uandikwe katika muhtasari mpya. Katika vitabu vya hesabu tarakimu iliyokosewa hupigwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, ile iliyo sahihi ikaandikwa juu yake, na aliyesahihisha akatia saini fupi na tarehe. Marekebisho ya wazi humpa mkaguzi imani. Yanayofichwa humtia shaka hata pasipo na wizi.

Masharti ya chama yana ulinzi mkubwa zaidi. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, masharti hurekebishwa na wanachama katika mkutano wao, na marekebisho hayo hayana nguvu mpaka yasajiliwe na Mrajis. Katibu anayepiga chapa masharti upya na "kunyoosha" kifungu kidogo njiani, ametoa karatasi isiyo masharti ya chama chake.

Uzito huu wa maandishi si jambo geni katika ushirika. Waanzilishi 28 wa chama cha Rochdale, nchini Uingereza, waliandikisha masharti yao mwezi Oktoba 1844, na duka lao likafunguliwa tarehe 21 Desemba mwaka huo huo. Maandishi yalitangulia unga na sukari. Tanganyika nayo ilipata sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kikasimama mwaka uliofuata. Tangu mwanzo, watu wasio na mali nyingi walitegemea maneno yaliyoandikwa sawasawa ili kulinda kidogo walichokiweka pamoja.

KUSAHIHISHA KAZI YA MWINGINE

Mara nyingi rasimu huandikwa na mtu mmoja na kusahihishwa na mwingine. Karani kijana huleta barua yake kwa Katibu, au Katibu kijana hupokea hotuba ya Mwenyekiti aliye rika la baba yake. Katika hali zote mbili heshima itangulie. Karani asiaibishwe mbele ya wanachama. Aitwe kando, aonyeshwe kosa na sababu yake, kisha aachiwe alisahihishe kwa mkono wake, maana atakayeandikiwa kila kitu hatajifunza kamwe. Mzee naye haambiwi kwamba amekosea. Huulizwa: "Mzee, mtu akisoma hapa asije akafikiri kwamba makato ni ya kila mwaka?" Mwenyewe ataona, na atalirekebisha kwa hiari yake.

Baada ya hatua zote, watu wawili na wakae mezani. Mmoja asome nakala safi kwa sauti, na mwingine afuatilie katika rasimu na vitabu. Sikio hukamata makosa ambayo jicho la mwandishi limekwisha kuyazoea. Mahali ambapo msomaji atasita au kurudia, sentensi hiyo bado inahitaji kazi. Kama siku zinaruhusu, rasimu ilale usiku mmoja kabla ya kusomwa hivyo. Ikiisha kupita, rasimu za zamani ziwekewe alama ya kuonyesha kwamba hazitumiki, ili kesho mtu asipeleke benki karatasi isiyo yenyewe.

RASIMU BAADA YA KUSAHIHISHWA

Tuseme Katibu wa mfano wetu amefungua vitabu, amewauliza wajumbe waliokuwapo, na majibu yote yamepatikana. Kipande kile sasa kitasomeka hivi:

"Ajenda ya 4: Ukarabati wa paa la ghala. Mkutano ulielezwa kwamba makisio ya bati, mbao na ufundi ni shilingi 2,425,000. Msimu wa 2024/2025 chama kilikusanya korosho kilo 48,600. Mavuno yakiwa kama hayo, makato ya shilingi 50 kwa kilo yataleta shilingi 2,430,000.

Uamuzi: (a) Kila mwanachama akatwe shilingi 50 kwa kila kilo ya korosho atakayouza kupitia chama katika msimu wa 2025/2026 tu. (b) Bodi isimamie ukarabati, na kazi iwe imekamilika tarehe 30 Juni 2026. (c) Kila hundi ya ukarabati iwe na saini mbili: ya Mwenyekiti, ambayo ni ya lazima, na ya mmoja kati ya Katibu na Mhazini. Waliohudhuria ni wanachama 212: waliokubali 168, waliokataa 31, wasiopiga kura 13.

Ajenda ya 5: Hesabu. Katibu alieleza kwamba hesabu zilizoandaliwa na Mhazini zina makosa. Uamuzi: Mhazini azirekebishe na kuziwasilisha katika kikao kijacho cha Bodi.

Ajenda ya 6: Mizani. Mkutano ulielezwa kwamba chama cha jirani kimetoa mizani moja itumiwe kwa muda. Uamuzi: Mtunza ghala airudishe mizani hiyo mwisho wa msimu wa 2025/2026."

Maandishi haya yamekuwa marefu kuliko yale ya kwanza, lakini hayana urembo wowote. Mwanachama asiyehudhuria ataelewa kwa nini amekatwa. Benki itajua saini za nani zinatakiwa. Mjumbe wa Bodi ataona tarehe inayomngoja. Na mkaguzi akifika, Katibu atamfungulia ukurasa huo bila kutetemeka, akamwachia asome mwenyewe.

Kila Katibu anaweza kuianza kazi hii kwa karatasi itakayofuata kupita mezani kwake. Achukue penseli, afungue vitabu, amwite mwenzake wa kumsomea. Saa moja ya kusahihisha kabla ya saini ni nafuu kuliko mwaka mzima wa kujieleza baada yake.